Vipimo vya Vilindi vya Ardhi na Utafutaji wa Almasi: Yatupasayo Kujua Kabla ya Kuuza Kibanja

Ndugu viongozi wa vigango na wanajumuiya wa Bukoba na Muleba,

Nimeombwa nieleze jambo linaloonekana kuwa la wataalamu tu: jinsi upimaji wa vilindi vya ardhi unavyosaidia kutafuta almasi. Nimekubali kwa sababu moja. Mgeni akipita vijijini na chombo begani, akasema mashine yake imeona almasi chini ya migomba, yapo masikio yatakayomsadiki. Na kibanja kikishauzwa, pamoja na makaburi ya wazee yaliyomo, hakirudi.

Tuanze na tulilolishuhudia wenyewe. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9, watu wakapoteza maisha na nyumba nyingi zikabomoka. Mawimbi ya tetemeko kama lile hayaishii juu, bali hupenya tumbo la dunia. Yakikuta mwamba baridi na mgumu huenda kasi; yakikuta ulio moto huchelewa. Hivyo mtaalamu aliyeweka vipimatetemeko mahali pengi aweza, kwa kulinganisha saa za kufika kwa mawimbi, kutambua hali ya mwamba ulio mamia ya kilomita chini, kama daktari asikilizavyo kifua bila kukipasua. Mwaka 1994 na 1995 vituo 20 vya namna hiyo viliwekwa nchini Tanzania. Vilionyesha kwamba chini ya sehemu ya kati ya nchi yetu, hadi kusini mwa Ziwa Viktoria, mwamba mkongwe wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5 una mzizi mnene na baridi, unaoshuka kiasi cha kilomita 200. Chini ya Bonde la Ufa hali ni nyingine: huko joto limepanda.

Almasi yahusikaje? Almasi ni kaboni, ndugu wa makaa. Ili kaboni iwe almasi pahitajika kina cha kama kilomita 150 au zaidi, penye mgandamizo mkubwa na joto lisilozidi mno, na hayo mawili hukutana katika mizizi ya mwamba mkongwe. Kisha pahitajika mlipuko wa volkano ya pekee, yenye mwamba uitwao kimberlaiti, uipandishe almasi upesi kabla haijaharibika njiani. Ndivyo ilivyokuwa Mwadui, Shinyanga, ambako mjiolojia kutoka Kanada, Dk. John Williamson, aligundua almasi mwaka 1940. Yeye hakuwa na vipimo vya vilindi. Alitafuta kwa miaka, kwa subira na kwa kuchekecha changarawe.

Basi chombo cha vilindi hakioni almasi hata kidogo. Kinaonyesha nchi ambamo almasi yaweza kuwamo, ili mtafutaji asipoteze fedha mahali pasipo na tumaini. Baada yake ndege hupima usumaku wa miamba, na watu hupima mvutano wa ardhi na mikondo ya umeme, wakitafuta mdomo wa kimberlaiti uliofunikwa na udongo. Wakiupata, bado. Vyimba vingi vya kimberlaiti vimejulikana Tanzania, na vyenye almasi ya kutosha kuchimbwa ni vichache sana. Hakuna ajuaye mpaka tani nyingi za mwamba zimechimbwa, zimesagwa na kuoshwa. Hata Mwadui, ambako kimberlaiti imeenea hekta 146, tani 100 za mwamba hutoa karati 6 hivi, yaani gramu moja na kidogo. Mwenye kudai ameona almasi kwa mashine ya begani anadai muujiza.

Na huku kwetu? Majabali tunayoyaona kando ya ziwa ni mawe ya mchanga, machanga kuliko ule mwamba mkongwe, nasi tuko pembezoni mwake. Mkoa wetu una bati Kyerwa, nikeli Kabanga wilayani Ngara, na dhahabu upande wa Biharamulo. Siwezi kuapa kwamba hakuna kimberlaiti mahali popote. Nasema tu kwamba si hapa ambapo mtu mwenye akili angeanzia.

Tena, hata jiwe lingekuwepo, kisheria madini yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri. Anunuaye kibanja hanunui madini, na auzaye hakuuza madini. Leseni ya utafutaji si leseni ya uchimbaji, wala haimwondoi mtu nyumbani kwake. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, mtafutaji anayetaka kufanya kazi karibu na nyumba inayokaliwa au shamba lililolimwa hutakiwa kupata kwanza ridhaa ya maandishi ya mwenye kulimiliki, na uharibifu una fidia.

Kwa hiyo mgeni wa namna hiyo akifika, mpelekeni kwenye Halmashauri ya Kijiji. Aonyeshe leseni, nambari yake inakiliwe katika muhtasari wa kikao, kisha ipelekwe Ofisi ya Madini ikahakikiwe. Kabla ya jibu kurudi, asiweke mtu sahihi wala dole gumba katika karatasi yoyote, na mama wa nyumba na watoto waliokwisha kukua wawepo yanaposemwa hayo.