George na Betsy Wavuka Bahari

Leo tunawasimulia habari za mtu na mkewe, Waingereza wa zamani, jina lao George na Betsy Loveless. Hawakuwa mabwana wakubwa. Walikuwa watu wa jembe. Kama darasani mna ramani ya dunia, mwalimu na aitundike ukutani, maana safari zao zilikuwa ndefu.

George alizaliwa mwaka 1797, akaishi katika kijiji cha Tolpuddle, kusini ya Uingereza. Kusoma alijifundisha mwenyewe, akawa na vitabu vichache nyumbani, akahubiri kanisani siku za Jumapili. Mwaka 1824 alimwoa Elizabeth, ambaye watu walimwita Betsy. Wakapata watoto.

Shamba alilolima halikuwa lake. Alikuwa kibarua wa wenye ardhi. Mshahara wa vibarua ulikuwa shilingi 9 kwa juma. Ukapunguzwa ukawa 8, halafu 7, kisha wakaambiwa watarajie 6. Sasa tufanye hesabu. Shilingi 7 kwa siku saba ni shilingi moja kwa siku. Shilingi ya Kiingereza ya wakati ule ilikuwa na peni 12. Nyumbani kwa George walikuwa watu watano. Gawanya peni 12 kwa watu watano, utaona kila mmoja anapata peni mbili na kidogo, nayo ni ya chakula, nguo, viatu, kuni na kodi ya nyumba.

Basi mwaka 1833 vibarua wa Tolpuddle waliunda chama cha wafanyakazi. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, na ada peni moja kila juma. Mtu aliyeingia alifungwa kitambaa machoni, akala kiapo kwamba hatatoa siri. Chama chenyewe hakikukatazwa na sheria. Kwa hiyo wakubwa wakatafuta sheria nyingine, ya mwaka 1797, iliyotungwa kwa ajili ya mabaharia walioasi, wakawashika kwa sababu ya kile kiapo. Tarehe 24 Februari 1834, asubuhi mapema, askari alikuja na hati. George na wenzake watano wakaenda naye kwa miguu mpaka mji wa Dorchester, kilomita kama 11. Mwezi wa Machi walihukumiwa kupelekwa ng'ambo miaka saba.

George alipelekwa kisiwa kinachoitwa leo Tasmania, kusini ya Australia. Merikebu yake iliondoka mwezi wa Mei ikafika Septemba. Huko alifanya kazi ya barabara pamoja na wafungwa wenzake, kisha kazi ya shamba.

Je, Betsy? Alibaki Tolpuddle na watoto watatu. Msaada wa maskini alinyimwa, yeye na wake wa wale wengine. Hakimu alisema kama waume zao walikuwa na fedha ya kukilipa chama, basi wake hawana haja ya msaada. Kwa maoni yangu hukumu hii ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, maana hawa wanawake hawakushtakiwa kwa lolote. Waliookoa maisha yao ni wafanyakazi wa mijini, waliochanga fedha, wakaandamana London, wakaitaka Serikali iwasamehe wale sita.

Serikali ilitoa msamaha mwezi wa Machi 1836. Lakini George, mwisho wa dunia, hakuambiwa mara moja. Miezi ilipita, akasoma mwenyewe katika gazeti lililotoka London kwamba amri imetolewa arudishwe kwao. Angekuwa hajui kusoma, angejuaje?

Hata hivyo hakupanda merikebu upesi, na sababu ni barua. Kabla ya kupata habari za msamaha, alikuwa amemwandikia Betsy amfuate kule kisiwani pamoja na watoto. Barua ilichukua miezi kwenda, na miezi kurudi. Fikirini taabu yake! Akiondoka, huenda Betsy yumo baharini, naye atashuka na watoto katika nchi ngeni asimkute mume. Akikaa, huenda Betsy anamngojea nyumbani. Alichagua kungoja. Mwisho akapata habari kwamba Betsy hakuondoka. Ndipo akasafiri Januari 1837, akafika London mwezi wa Juni. Mwaka uleule aliandika kitabu kidogo cha mambo yaliyompata.

Kwa fedha za michango walikodiwa mashamba katika Essex, karibu na London. Lakini majirani wenye mali hawakuwataka, na padre wa pale aliwanung'unikia. Ilipofika mwaka 1844 George na Betsy waliamua kuvuka bahari tena, safari hii kwa hiari yao, na kwa pamoja. Walikwenda Kanada, sehemu iitwayo leo Ontario, wakalima karibu na mji ambao nao unaitwa London, kando ya mto ambao nao unaitwa Thames. Wenzao wanne katika wale sita walihamia hukohuko na jamaa zao. James Hammett peke yake alirudi Tolpuddle, akafa huko mwaka 1891.

Huko Kanada habari za kifungo hazikuzungumzwa. Inasimuliwa kwamba walipatana kunyamaza, ili watoto wasije wakaitwa watoto wa wafungwa. Betsy alifariki mwaka 1868. George alimfuata mwaka 1874, na makaburi yao yako Siloam, katika mji ule wa London. Tolpuddle, ule mti ambao inasemekana vibarua walikutana chini yake ungali umesimama.