Usingoje Idi Kupeleka Makohozi



Wazazi wetu na vijana wenzangu wa Kisii na Nyamira, baada ya kumshukuru Allah (S.W.T.) na kumtakia rehema Mtume wetu (S.A.W.), leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona aibu: makohozi.

Kuna mtu anakohoa tangu mwezi haujaandama. Ukimwambia aende hospitali atakujibu, "Wacha tumalize mfungo, nitaenda baada ya Idi." Anaogopa kutoa makohozi kutaharibu saumu yake. Ndugu yangu, siku 30 ni nyingi! Ikiwa ni TB ya mapafu, kila anapokohoa vijidudu vinaruka hewani, na sisi tuko naye bega kwa bega kwenye tarawehe. Nyumbani nako, kwa baridi yetu hii ya milimani, madirisha yamefungwa na watoto wamelala humo humo.

Tuondoe shaka. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba kukohoa kohozi na kulitema hakufunguzi. Kinachofunguza ni kulimeza kusudi likishafika mdomoni. Na aliye mgonjwa kweli, Suratul Baqara aya ya 185 imempa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Sasa, yatolewe vipi? Chukua kikopo hospitalini mapema. Makohozi mazuri ni ya alfajiri, kwa sababu usiku kucha yamejikusanya kifuani. Kwa hivyo toa ukiamka tu, kabla ya daku. Suuza kinywa kwa maji matupu. Toka nje, mbali na watu. Vuta pumzi ndani kabisa mara mbili au tatu, kisha kohoa kutoka kifuani, sio kooni. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai kinatosha. Funga kifuniko vizuri, nawa mikono kwa sabuni, na upeleke asubuhi hiyo hiyo. Usikiache kikopo juani.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanatema mate. Ukipeleka mate, majibu yanaweza kusema huna TB na kumbe unayo. Utarudi nyumbani umefurahi huku ugonjwa unaendelea.

Zamani ilikuwa darubini tu. Siku hizi kuna mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010. Kwa muda wa kama saa mbili inaonyesha kijidudu, na pia kama kimeshakuwa sugu kwa dawa ya rifampicin. Si lazima uanzie mjini. Zahanati isiyo na mashine hupeleka kikopo mahali ilipo.

Kikohozi kikifika wiki mbili, au ukitoa jasho usiku, homa za jioni, au damu, nenda. Na ukikonda, usisingizie saumu. TB si laana wala uchawi. Inatibika, kwa kawaida kwa miezi 6, na dawa zake ni bure katika hospitali za serikali hapa Kenya.

Mimi ni mwanafunzi tu, si daktari, wala sikuja kumpima mtu. Ninachoomba ni kitu kidogo: kama unamjua mtu anayekohoa nyumbani kwenu, mwambie leo, na umsindikize kesho.

Allah atupe afya na atutakabalie funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.