Dawa ya Selimundu Ifike Lupiro

Kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, maradhi ambayo wengi wetu tunayaita sikoseli. Haidroksiyurea, dawa inayomezwa kila siku, huzuia chembe nyekundu zisijikunje na kuziba mishipa. Lakini anayeitumia lazima apimwe damu mara kwa mara. Je, inamfaa mtoto wa Lupiro, wilayani Ulanga? Nasema inamfaa, mradi tukubali kwamba kinachopaswa kusafiri ni damu yake, si yeye.

Hofu ya kwanza ni malaria. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamewatega mbu hapa Lupiro kwa miaka mingi, na bonde hili la Kilombero halihitaji kuelezwa homa ni nini. Dawa hii hupunguza chembe nyeupe, hivyo madaktari walikuwa na haki ya kuchelea kwamba ingemwacha mtoto bila kinga. Hospitali ya Mulago, Kampala, ikalipima jambo hilo kwa watoto 207, baadhi wakipewa dawa na wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya 2017 yakaonyesha malaria haikuongezeka. Kisha ukaja utafiti wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa 2019. Kati ya watoto 606, malaria ilishuka kutoka matukio 46.9 hadi 22.9 kwa kila watoto 100 kwa mwaka, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Mtu anaweza kusema kwamba huko watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe ya awali, kwa hiyo huenda sehemu ya nafuu ililetwa na uangalizi wa karibu. Ni kweli, na ndiyo maana sitetei kugawa dawa tu na kuondoka.

Pingamizi zito zaidi ni uloto. Dozi ikizidi, uloto hulemewa na chembe za damu hushuka, na bila kipimo hakuna atakayejua mapema. Tangu daraja la Mto Kilombero lifunguliwe 2018, mgonjwa hangoji tena kivuko ili afike Ifakara kupimwa. Hata hivyo, nauli ya watu wawili na siku iliyopotea wakati mpunga unapaliliwa havimo katika bei ya dawa, na ndivyo vinavyokatisha tiba. Kichupa cha damu chenye kifuniko cha zambarau kinaweza kupelekwa maabara kwa pikipiki asubuhi, majibu yakarudi kwa simu. Sampuli za wanaoishi na VVU husafirishwa hivyo kutoka vituo vya vijijini. Sioni kwa nini za selimundu zishindikane.

Wapo wanaotaka tusubiri tiba ya kuponya kabisa. Upandikizaji wa uloto umeanza Dodoma, nao unastahili pongezi, ila huhitaji mchangiaji anayelingana na mgonjwa. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023 ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mtoto wa miaka miwili hawezi kungojea bei hiyo ishuke. Naiomba Halmashauri ya Ulanga iweke usafiri wa sampuli hizi kwenye bajeti yake, na wanaotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 wahesabu dawa na kipimo kuwa huduma moja.