Bei ya Haraka

Msikilizaji, leo ni Jumatano ya kwanza ya Septemba, siku ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati Tanzania, kutangaza bei kikomo za mafuta. Mjini watu wanaulizana habari moja tu: petroli shilingi ngapi, dizeli shilingi ngapi. Bei hiyo mimi na wewe hatuipangi. Inatoka kwenye soko la dunia, kwenye dola, kwenye meli na kwenye kodi. Tunachokipanga sisi ni kiasi cha kuchoma, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo leo. Naona mafuta mengi tunayochoma bure, barabarani na hata jikoni, tunayachoma kwa sababu ya haraka tu.

Mtazame dereva wa mjini. Taa za Magomeni ni nyekundu, anaziona tangu mbali, lakini anakanyaga mafuta mpaka kwenye mkia wa gari la mbele, halafu anakanyaga breki. Petroli aliyoichoma kupata ule mwendo imeishia kuwa joto la breki. Mwenzake aliyeachia mguu mapema anafika kwenye taa zile zile, na mara nyingine anakuta zimeshakuwa kijani, anapita bila kusimama. Amepunguza kazi ile inayokula mafuta kuliko zote mjini, yaani kuliondoa gari lililosimama. Na ukiwa umesimama kumsubiri mtu huku injini inaunguruma na kiyoyozi kinapuliza, gari dogo la kawaida linaweza kunywa karibu lita moja kwa saa bila kusogea hata hatua.

Kuna ujanja mmoja wa madereva wetu ambao nautaja kwa sababu unasifiwa kama kubana matumizi: kuweka nyutro kwenye mteremko. Enzi za magari ya kabureta hesabu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Gari la nozeli, ambalo ndilo tunaloendesha wengi siku hizi, linafanya kinyume. Ukishuka likiwa kwenye gia na mguu umeuondoa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta ya gari inafunga mafuta kabisa. Ukiweka nyutro, injini haina wa kuizungusha, kwa hiyo inabidi ichome mafuta ili isizime. Unapoteza petroli, na papo hapo unapoteza nguvu ya injini iliyokuwa inakusaidia kulizuia gari. Breki zinabaki peke yake, zinapata moto, zinaacha kushika. Dereva wa lori anayeteremka mlima Kitonga, Iringa, na tani za mzigo mgongoni anajua mwisho wa hadithi hiyo, na Wakenya wanaopita mteremko wa Salgaa wanaujua pia.

Kwenye barabara kuu, adui ni upepo. Ukitoka mwendo wa 80 kwenda 100, upinzani wa hewa unapanda kwa zaidi ya nusu, na injini inalipa tofauti hiyo kwa mafuta. Kwa kilomita 100, karibu sawa na Dar es Salaam hadi Chalinze, ungeokoa dakika 15. Nasema ungeokoa, kwa sababu kuna malori, kuna vijiji vya mwendo wa 50, na kuna askari wa tochi nyuma ya mwembe.

Halafu tairi. Tairi lenye upepo mdogo linaburuzika, linakula mafuta na linaisha pembeni. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi mlangoni kwa dereva, na kinapimwa asubuhi tairi likiwa halijapata joto. Tatizo ni geji. Ukienda vituo vitatu vya mafuta unaweza kupata majibu matatu, na kituo cha nne kikakwambia pampu mbovu. Tunaambiwa tutunze mazingira kila siku. Basi wenye vituo nao waanze kwa geji inayosema kweli.

Hapa niseme jambo kwa ajili ya dereva wa daladala, maana najua kuna anayenisikiliza huku akimnyooshea kidole. Yule ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni. Mafuta anajaza kwa fedha ya siku hiyo hiyo, kwa hiyo anajua thamani ya kila lita kuliko sisi wenye magari ya nyumbani. Lakini abiria wa kituo kinachofuata ana faida kubwa kuliko petroli atakayookoa kwa kutulia, na mwenzake yuko nyuma anamfukuza. Mfumo wa hesabu ndio unaomkimbiza. Ushauri wa kuachia mguu mapema unamfaa mwenye hiari ya kuutii.

Jikoni sitakaa sana. Maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva upesi kuliko yaliyotoka kwenye mfuko kwenda sufuriani, na sufuria lenye mfuniko linachemka kabla ya lililo wazi. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania asilimia 80 watumie nishati safi ya kupikia. Ni lengo zuri. Lakini anayenunua mkaa kwa kopo hanunui hivyo kwa kupenda. Fedha yake inaingia kwa siku, na mtungi wa gesi unadai fedha nyingi kwa mkupuo. Mpaka hapo patakaporekebishwa, bakuli la maharage yaliyolowekwa litaendelea kumsaidia.

Sasa tuje kwenye mbegu, maana hata mboga tunayonunua imesafiri kwa mafuta. Nyanya nyingi za Dar es Salaam zinatoka Ilula, Iringa. Zinashuka Kitonga hiyo hiyo, zinasafiri zaidi ya kilomita 400 kwenye matenga, na dizeli yote ya safari iko ndani ya bei ya fungu. Siwaambii wakulima wa Ilula wafunge kazi. Ila nyanya chungu, pilipili, biringanya na sukuma wiki zinaota uani, kwenye ndoo iliyopasuka, na zinachotaka kwako ni uanze mapema.

Mkenya Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977, walikuwepo wataalamu wa misitu waliodhani mama wa kijijini hawezi kukuza miche bila kusomea. Akina mama wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakazipanda hata kwenye vyungu vilivyovunjika. Ilipofika 2004, mwaka aliopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, walikuwa wameotesha na kupanda miti zaidi ya milioni 30. Miche ya mboga ni kazi nyepesi zaidi ya hiyo.

Chukua trei au kopo, litoboe chini. Changanya udongo, mchanga kidogo na samadi iliyooza kweli kweli, kwa sababu mbichi inaunguza. Mbegu ifukie kina cha mara mbili ya unene wake, si zaidi. Maji yawe ya kunyunyiza, asubuhi. Wengi wanaua miche kwa mapenzi: wanamwagilia mpaka udongo unalowa chepechepe, ugonjwa wa kinyausi unaingia, mche unasinyaa shingoni na kulala. Ukiota, usogeze kwenye mwanga, la sivyo utarefuka kama uzi. Siku chache kabla ya kuuhamisha, uzoeshe jua na upunguze maji, kisha uhamishe jioni.

Mche wa nyanya chungu unahitaji wiki nne hadi sita kitaluni. Mvua za vuli huanza Oktoba, kwa hiyo anayeotesha wiki hii atakuwa na miche tayari zinaponyesha. Nyanya za kawaida zina hofu ya ukungu wakati wa mvua. Ziweke chini ya upenu. Na ukifika duka la pembejeo, uliza kwanza kama mbegu ni chotara. Ya chotara inazaa vizuri, lakini ukitunza mbegu zake msimu ujao hutapata mmea ule ule, itabidi urudi dukani. Kama ni ya kawaida, acha tunda moja au mawili ya nyanya chungu yabaki mtini mpaka yawe mekundu, toa mbegu, zioshe, zianike kivulini, uziweke kwenye bahasha na uandike tarehe.