Dundu Ndani ya Ndoo

Msikilizaji, umewahi kumkuta dundu amejichimbia kwenye papai lililoiva, mgongo ukimeta, miguu imelowa maji ya tunda? Huyo anafugika. Na hahitaji banda.

Chukua ndoo kuukuu. Toboa mfuniko matundu madogo. Jaza majani yaliyooza na udongo mweusi wa chini ya mti. Nyunyizia maji. Sasa chota kiganjani, finya: udongo ushikamane, lakini maji yasichuruzike. Unyevu, si maji. Weka kipande cha ndizi mbivu, ukibadilishe kabla hakijaota ukungu. Ndoo ikae kivulini.

Ukifukua lundo la samadi utakuta mabuu weupe, wanene. Mweke mmoja mezani. Akigeuka chali na kutambaa kwa mgongo, miguu juu, huyo ni mtoto wa dundu wa maua. Watoto watacheka mpaka basi! Akilala ubavu, amejikunja, huenda ni chonga, adui wa minazi. Huyo usimfuge.

Tahadhari. Yule mdudu mdogo mwembamba, mwekundu na mweusi, anayefuata taa usiku, naye ni jamii ya dundu. Usimponde mwilini, sumu yake hubabua ngozi. Mpulize tu aondoke.

Hifadhini usikamate chochote bila kibali. Uani kwako panatosha. Anza na dundu wawili, na udongo wao uwe vile vile: unyevu, si maji. Kuwavuta, kesho asubuhi weka ganda la nanasi bivu juu ya uzio wa ua. Mchana ukachungulie.