Siku za Kabla ya Harusi: Ni Nani Hajaitwa?

Hotuba ya Kamati ya Akina Mama mbele ya wanachama na majirani, katika maadhimisho ya hekalu letu

Waheshimiwa wazee wetu, wadhamini wa hekalu, ndugu wanachama, majirani wapendwa, na ninyi watoto mliokaa mbele juu ya mikeka:

Kila mwaka sisi huonekana jikoni zaidi kuliko jukwaani, na huenda ndiyo sababu tumeombwa tuzungumze juu ya jambo tunalolijua kwa mikono yetu: siku zile chache zinazotangulia harusi. Harusi yenyewe mnaijua nyote. Moto mtakatifu huwashwa, bwana na bibi harusi huuzunguka, pandit husoma, wageni hula. Lakini nyumba iliyoifikia saa ile ilikwisha kufanya kazi kubwa kabla ya mgeni wa kwanza kuvua viatu mlangoni.

Wengi wetu asili yetu ni Kachchh na Saurashtra, katika Gujarat. Mababu zetu walifika pwani hii kwa majahazi, wakisafiri na upepo wa kaskazi kutoka bandari kama Mandvi na Porbandar. Jahazi halibebi ukoo mzima. Bibi zetu walitusimulia kwamba harusi ilipofika, aliyekosa shangazi alimwomba jirani akae mahali pa shangazi, na aliyekosa dada alipata dada mtaani. Kwa hiyo tangu mwanzo swali la siku hizi za maandalizi lilikuwa moja: ni nani yupo, na ni nani hajaitwa?

Kazi huanza na kankotri, yaani barua ya mwaliko. Ya kwanza haipelekwi kwa mtu yeyote, bali huwekwa mbele ya Bwana Ganesha, mwondoa vikwazo, ikiwa imetiwa kumkumu na punje za mchele. Kisha wazee huketi na daftari, wakitaja majina ukoo kwa ukoo. Hufuata siku ya pithi. Manjano huchanganywa na unga wa dengu, liwa na maji ya waridi, na bibi harusi hupakwa usoni, mikononi na miguuni. Majirani zetu Waswahili hawahitaji kuelezwa jambo hili, kwa kuwa nao wana singo yao. Na hina ya mikononi tunaipaka sote. Nyimbo huimbwa, za kubariki na za kutaniana, ambamo upande wa bwana harusi husemwa bila huruma na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Baadaye huja mosalu, zawadi za mjomba. Katika Kigujarati mjomba huitwa mama. Watoto wetu wanaokua na lugha mbili hulicheka jambo hili: mama wa Kiswahili ndiye aliyewazaa, na mama wa Kigujarati ni ndugu yake wa kiume. Ndiye anayemletea mpwa wake panetar, sari nyeupe yenye pindo jekundu, avae siku ya ndoa.

Hapo ndipo tunapoomba ruhusa ya kusema wazi.

Katika familia moja miongoni mwetu, mjomba alikuwa amefilisika. Duka lilifungwa, akahamia mji mwingine, akaacha kuonekana. Mpwa wake alipochumbiwa, wazee waliokaa na daftari walisema tumsitiri. Tukimwalika tutamwaibisha, maana hana cha kuleta. Ilionekana kuwa huruma. Mama wa binti alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alipanda basi, akaenda mwenyewe na kankotri mkononi. Baadaye alitueleza kwamba ndugu yake aliipokea barua ile akaisoma mara mbili, kisha akauliza, “Dada, mlikuwa mnanificha?”

Alikuja. Alileta sari moja, nazi moja, na bonge la sukari guru lililofungwa kwa karatasi. Hakukaa hadi mwisho wa karamu, nasi hatukumlazimisha. Lakini binti aliivaa sari ile, na hakuna aliyeuliza bei yake.

Ndugu zetu, tulipaswa kujua mapema. Kisa cha Kunvarbai tumekisikia tangu utotoni. Baba yake, Narsinh Mehta, mshairi wa Junagadh wa karne ya 15, hakuwa na kitu alipotakiwa kuleta zawadi katika sherehe ya ujauzito wa binti yake. Wakwe waliandika orodha ndefu ili wamcheke. Kisa chasimulia kwamba Bwana Krishna mwenyewe alikuja na zawadi zile. Tunakisimulia kisa hiki kwa machozi, kisha tunakaa na daftari na kuandika orodha kama ya wale wakwe.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kwa desturi, wanaompaka bibi harusi pithi ni wanawake walioolewa ambao waume zao wako hai. Mjane hukaa pembeni. Sisi tulioko mbele yenu tumeisimamia desturi hii kwa miaka mingi. Siku moja tulimwona mama aliyekuwa amemlea binti yake peke yake tangu akiwa mchanga, akimsomesha kwa kushona nguo usiku. Alisimama kwenye mlango wa jikoni akishika sinia la vikombe, huku sisi tukimpaka mwanawe manjano. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwita. Jirani yetu mmoja, bibi wa Kiislamu aliyekuja kusaidia kupika, aliuliza kwa sauti ya chini, “Mbona mwenye mtoto yuko kule?” Tulitazamana, tukakosa jibu.

Wapo wazee wetu wanaosema desturi hii haikutungwa kwa dharau, bali kwa hofu, ili bahati mbaya isimguse bibi harusi. Tunawaheshimu, na hofu yao tunaielewa, kwa maana tumeirithi. Lakini hata huko tulikotoka watu waliuliza swali hili zamani. Sheria ya kumruhusu mjane wa Kihindu kuolewa tena ilipitishwa India mwaka 1856. Narmad, mshairi wa Surat aliyeishi kati ya 1833 na 1886, aliwatetea wajane kwa kalamu yake, na yeye mwenyewe akamwoa mjane. Kama hayo yaliwezekana wakati ule, itatushindaje sisi kumpisha mama achovye vidole katika bakuli la manjano?

Kwa hiyo kamati yetu imekubaliana hivi: katika kila harusi tutakayoombwa kuandaa, mama aliyemzaa au kumlea bibi harusi ndiye atakayempaka kwanza, awe na mume au awe mjane. Familia isiyotaka hatutaigombeza. Tutaomba tu izungumze nasi kabla ya siku ile.

Mwisho, tunajua nyakati zimebadilika. Fleti ni ndogo, likizo ni fupi, na ndugu wanatua kutoka London, Leicester na Toronto siku mbili kabla ya ndoa. Mpishi hukodiwa, mpambaji hukodiwa, na sherehe zote huingizwa katika jioni moja ukumbini. Hatuwalaumu wanaofanya hivyo. Wengine wetu tumefanya hivyo kwa watoto wetu. Lakini katika ukumbi wa kukodi kila mtu ni mgeni. Anayekunja sambusa, anayepepeta mchele, anayetafuta kamba ya kufungia maua, huyo si mgeni tena, hata kama hana undugu wowote na wenye harusi.

Tunaliomba hekalu lifungue jiko lake kwa siku mbili kabla ya kila harusi ya mwanachama. Masufuria makubwa yapo, miiko ipo, majamvi yapo, na mikono yetu ipo. Anayetaka kuleta mpishi wake na amlete. Tutamenya vitunguu pamoja naye. Na familia itakapokuja kuandikisha tarehe, kabla ya kuuliza idadi ya wageni, tutaiuliza mambo matatu. Mjomba ameitwa ana kwa ana? Mjane wa nyumba hiyo amepewa nafasi gani? Na jirani wa mlango wa pili anajua kwamba kuna harusi?

Majirani zetu mliopo leo, wengi wenu mmekaa katika jiko hili mara nyingi kuliko baadhi ya wanachama wetu. Tunawaomba mzidi kuja, na mkituona tumemsahau mtu mlangoni, mtuulize tena kama alivyouliza yule bibi.

Chakula kiko tayari, karibuni nyote.