ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi mbele ya wanakisomo na wanachama wa Ushirika. Yamenakiliwa hapa ukutani kwa faida ya wale ambao hawakufika.)



Nimeombwa niseme machache juu ya Mkutano Mkuu wa Kijiji unaokuja. Ajenda yake kubwa ni rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji chetu: wapi tulime, wapi tuchunge, wapi tujenge, na msitu upi tuuache. Jambo hili si dogo. Mpango ukishapita, watoto wetu ndio watakaokaa ndani yake.

Sasa huko njiani nasikia watu wanasema, "Aa, mambo hayo yameshapangwa na wakubwa, sisi tunaitwa kupiga makofi tu." Ndugu zangu, maneno hayo si kweli, na yana hasara. Mtu akishaamini kwamba hana sauti, anabaki nyumbani. Akibaki nyumbani, kweli sauti yake inakosekana. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Kwanza tufahamu mwenye kijiji ni nani. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982, inasema Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Haisemi mwenye ng'ombe wengi, wala haisemi mwanamume peke yake. Na wala si mkutano wa chama. Zamani, chini ya sheria ya vijiji ya mwaka 1975, mwenyekiti na katibu wa tawi la chama ndio waliokuwa mwenyekiti na katibu wa kijiji. Tangu mwaka 1992 tuna vyama vingi, na mambo ya kijiji yana viongozi wake. Mimi katibu wa tawi nikiingia mkutanoni ninainua mkono mmoja, kama wewe. Asiye na chama naye anainua wa kwake.

Pili, mkutano huo una nguvu gani? Una nguvu kubwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi mpaka Mkutano Mkuu uwe umeridhia kwanza. Sikilizeni vizuri neno hilo "kwanza". Si kugawa halafu mje kuambiwa. Na katika kila mkutano wa kawaida, Halmashauri inatakiwa itoe taarifa jinsi inavyotunza ardhi na ipokee maoni yenu. Hata ardhi ya kijiji ikitakiwa kutolewa kwenda kwa mwekezaji, kama ni chini ya hektari 250, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikiwa ni zaidi, anayeamua ni Waziri, baada ya kupata mapendekezo ya kijiji. Kijiji kisichokutana kitapendekeza nini?

Tatu, nafasi za kutoa maoni ziko nyingi kuliko mnavyodhani. Nitazitaja ili kila mtu achague inayomfaa.

1. Mkutano wa kitongoji. Huu ndio mdogo na wa karibu. Mwenye haya ya kusema mbele ya umati aanzie hapa, kwa majirani zake.

2. Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kisheria unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Ukipita muda huo bila tangazo, nendeni kwa Mwenyekiti wa Kijiji mkaulize kwa adabu. Kuuliza si ugomvi.

3. Sheria ndogo za kijiji. Kabla Halmashauri haijatunga sheria ndogo, lazima iitishe mkutano isikie wananchi wanasemaje, ndipo ipelekwe wilayani kuidhinishwa. Faini ya mifugo inayowachoma leo ilipitia njia hiyo hiyo.

4. Bajeti. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1. Mwenye neno la kisima au zahanati asilete mwezi Juni, maana wakati huo chungu kimeshaipuliwa. Alilete mapema, miezi mingi kabla, wakati vijiji vinaandika vipaumbele vyao vya kupeleka kwenye kata.

5. Diwani. Yeye ndiye anayeongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, na Mwenyekiti wetu wa Kijiji ni mjumbe huko. Lililotushinda hapa linapelekwa huko.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana najua linawagusa wengi. Katika rasimu ya ramani, bonde la mtoni limeandikwa "njia ya mifugo na mahali pa kunyweshea". Basi. Lakini sote tunajua kwamba wakati wa kiangazi bonde lile ndilo linalotulisha mboga. Mchicha, nyanya na bamia za mnada wa kijiji zinatoka pale, na zinalimwa na akina mama. Mbona bustani hazimo kwenye ramani? Hakuna aliyefanya hila. Siku kamati ilipokutana na wananchi kuchora, pale chini kwa majivu na vijiti, ilikuwa asubuhi, na akina mama walikuwa huko huko bustanini wakimwagilia. Waliofika walikuwa wafugaji, wakachora wanachokijua. Mfugaji hana kosa, ng'ombe lazima anywe. Ila ramani huchorwa na waliohudhuria.

Basi mama zangu, ramani hiyo ingali rasimu. Haijapitishwa. Mnayo nafasi, na nawaomba mje mmejiandaa, si kuja kulalamika tu. Jambo moja mlifahamu mapema: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mkisimama mkadai bustani zibaki pale pale kwenye ukingo, mtajibiwa kwa sheria na mtakaa chini. Lakini mkipima hatua zenu, mkasema tunaomba eneo la bustani nyuma ya mita 60, na njia ya ng'ombe ipite upande mmoja hadi sehemu moja ya kunyweshea, hilo ni ombi linalojadilika. Wafugaji nao watapumua, maana kesi za ng'ombe kula mboga zitapungua. Sheria hiyo hiyo ya Ardhi ya Vijiji inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Msiombe kama wageni.

Na sisi wa Ushirika tusijione watakatifu. Tunataka kiwanja cha ghala karibu na barabara. Tuje tukiombe mkutanoni mchana kweupe kama watu wengine. Tukikipata kwa kunong'ona, kesho atakuja mwingine naye anong'one, na cha kumwambia hatutakuwa nacho.

Nne, na hili nawaambia hasa ninyi wanakisomo. Mimi mwenyewe nimejua kusoma ukubwani, katika darasa kama hili, kwa hiyo ninajua thamani yake. Neno likisemwa mkutanoni linasikika mpaka pale kwenye mwembe. Wilayani halifiki. Kinachofika wilayani ni muhtasari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maoni ni hivyo hivyo. Kwa hiyo fanyeni haya:

Someni ajenda ikibandikwa. Jambo lenu kama halimo, mwambieni Mtendaji kabla ya siku ya mkutano. Msingojee "mengineyo", maana mengineyo hufika jua linazama na watu wameshaanza kuondoka.

Jiandikisheni kwenye daftari la mahudhurio kwa mkono wenu. Asiyejua asaidiwe, lakini asiweke dole gumba kwenye karatasi ambayo hajasomewa yote, pamoja na kichwa chake cha habari.

Mkishasema, ombeni Mtendaji asome alivyoandika. Mkutano unaofuata ukianza, muhtasari uliopita husomwa ili uthibitishwe. Hapo ndipo pa kusahihisha. Watu wengi huchelewa kwa makusudi wakisema "wanasoma yale ya zamani tu". Kumbe hayo ya zamani ndiyo yanayopelekwa mbele.

Halafu tusikilizane. Kutoa maoni si kupata kila unachotaka. Wengi wakiamua tofauti na wewe, umesikika, na neno lako liko kwenye kitabu. Mwaka mwingine mpango ukipitiwa upya utalikuta pale pale.

Ombi langu la mwisho ni hili. Saa ya mkutano ipangwe alasiri, mboga zikiwa zimeshamwagiliwa na ng'ombe wamerudi. Nimeshalipeleka kwa Mwenyekiti wa Kijiji kwa barua, na nakala ipo hapa kwa Mwalimu, mwenye kutaka kuisoma aisome. Kila mwanakisomo aje na jirani yake mmoja, na rasimu ya ramani iko mlangoni kwa Mtendaji. Kaitazameni kabla. Tafuteni nyumba yenu, kisima chenu na shamba lenu. Usipoviona, hilo ndilo neno lako la kusema mkutanoni.



Katibu wa Tawi